Fonti haipo, lebo zimevurugika, na mwenzangu hapokei simu

SWALI

Shikamoo dada,

Mimi ni mbunifu wa michoro hapa Arusha, huu ni mwaka wangu wa nne kwenye kazi hii. Mara nyingi nashika kadi za harusi, mabango ya maduka na vipeperushi. Mwezi uliopita kaka mmoja wa Nairobi, tuliyefahamiana kwenye mafunzo, alinishirikisha kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: lebo 12 za mafuta ya parachichi za kikundi cha wakulima wa Murang'a. Mwonekano wote alishauchora yeye. Kazi yangu ilikuwa kupanga maandishi ya Kiswahili na ya Gĩkũyũ kwenye chupa za ujazo mbalimbali, ili tukabidhi mwisho wa mwezi huu.

Akanitumia kiungo cha faili la Figma, ile programu ya kubuni michoro mtandaoni. Yeye anatumia Mac. Mimi nina kompyuta mpakato ya Windows, na Figma naifungulia kwenye kivinjari kwa sababu mashine yangu haina nguvu sana. Faili lilifunguka vizuri, kila kitu nikakiona kama alivyokipanga. Ila nilipobofya maandishi ili "250 ml" iwe "500 ml", yakagoma. Pembeni pakatokea alama ya herufi A na kiulizo. Kuibofya, naambiwa fonti (sura ya herufi) iitwayo Avenir Next haipo, nichague nyingine ya kuweka badala yake.

Ilikuwa saa tano usiku. Maandishi madogo nikayapa Arial. Majina makubwa ya juu nikayapa fonti ya mwandiko wa mkono ambayo huwa naitumia kwenye kadi za harusi. Nilifanya hivyo kwenye ukurasa wenye lebo tisa, tatu za ukurasa wa pili nikaziacha kwa usingizi. Dada, niliamini kabisa kwamba nabadilisha kwa upande wangu tu, kwamba yeye kule Nairobi ataendelea kuona yake.

Kumbe mteja naye alikuwa na kiungo. Saa moja asubuhi amefungua faili akiwa na viongozi wenzake wa kikundi. "Mafuta ya parachichi" limekatika, neno "parachichi" limeshuka mstari wa pili na kukalia kipimo cha ujazo. Maelezo ya matumizi yametoka nje ya ukingo wa lebo. Na kwenye jina Mũrang'a, ile ũ ni nyembamba na imesimama wima, wakati herufi nyingine ni za mwandiko. Mwenzangu akaandika kwenye kundi la WhatsApp, mteja akiwemo: "Umeharibu kazi ya wiki mbili." Tangu siku hiyo simu zangu hapokei.

Nimejaribu kurekebisha. Nimepakua Avenir Next kwenye tovuti moja ya fonti za bure, nikaisakinisha; kile kiprogramu cha Figma cha kusoma fonti za kompyuta nilikuwa nacho tangu zamani. Sasa kwenye orodha naiona "Avenir Next LT Pro", lakini zile lebo tatu bado zinasema Avenir Next haipo. Fonti ninayo, mbona naambiwa sina? Kazi inaweza kurudi ilivyokuwa? Na huyu kaka nimwambie nini?

Aliyekwama, Arusha

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana, na naanza na lile linalokukosesha usingizi: kazi haijapotea.

Fungua faili. Juu, kando ya jina lake, kuna kimshale. Kibofye, uchague historia ya matoleo. Upande wa kulia itatokea orodha yenye tarehe, saa na majina ya waliofanya mabadiliko. Hata akaunti ya bure hutunza historia ya siku 30, kwa hiyo bado umo ndani ya muda. Tafuta toleo la mwisho kabla ya ile saa tano ya usiku. Ukilipata, usilirejeshe juu ya faili la sasa. Litolee nakala. Kuanzia siku ile hadi leo huenda mwenzako amegusa kitu, huenda mteja ameomba jambo likarekebishwa, na wewe hutaki kumfutia mtu kazi mara ya pili. Nakala ipe jina linaloeleweka, liwe na tarehe.

Utakapoifungua hiyo nakala, utaona lebo zote zimerudi na sura yake ya Avenir Next, ingawa fonti hiyo huna. Hapo ndipo wengi tunapochanganyikiwa, kwa hiyo nisimame kidogo.

Wewe ni mtu wa kadi za harusi, utanielewa. Kamati inatuma ujumbe kwamba sare ni kitenge fulani, chapa fulani, rangi fulani. Ujumbe umekufikia. Kitenge hakijakufikia. Faili la kubuni liko hivyohivyo: ndani yake hamna fonti, mna jina la fonti. Limeandikwa, kwa mfano, "hapa weka Avenir Next, Demi Bold, ukubwa 14". Kitambaa chenyewe kila mtu anatarajiwa awe nacho kwake. Figma inakusaidia kidogo, kwani inatunza umbo la maandishi kama lilivyoachwa na mtu wa mwisho aliyekuwa na fonti, ndiyo maana uliweza kuyaona. Kuyabadilisha ndiko kunahitaji fonti yenyewe, maana ile 5 ya "500" inabidi ichorwe upya kutoka mahali fulani. Na kwa kuwa faili ni moja na linashikwa na wote, ulipochagua kitenge kingine uliivalisha kamati nzima. Hakuna "upande wangu" kwenye faili la pamoja. Ukitaka upande wako, toa nakala kwanza.

Sasa Avenir Next. Avenir ilichorwa na Adrian Frutiger, ikatoka mwaka 1988. Mwaka 2004 ikatoka Avenir Next, aliyoifanyia kazi pamoja na Akira Kobayashi. Ni fonti ya kuuzwa, lakini Apple huiweka ndani ya macOS. Maana yake mwenzako hakuinunua wala kuisakinisha. Alifungua orodha ya fonti akaikuta imekaa hapo, akaipenda, akaitumia. Inawezekana hajui hata leo kwamba Windows haiji nayo.

Uliyopakua wewe inaitwa Avenir Next LT Pro. Kwa macho ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Programu haina macho, inasoma jina lililoandikwa ndani ya fonti, wala si jina la faili ulilopakua, na jina lisipolingana herufi kwa herufi inahesabu hiyo ni fonti nyingine. Hata mitindo yake inapishana majina: kwa Mac ule unene wa kati unaitwa Demi Bold, kwenye LT Pro unaitwa Demi. Kwa hiyo kompyuta yako haikudanganyi inaposema huna. Kweli huna ile iliyotajwa.

Na hiyo uliyopakua naomba uifute leo. Sikulaumu, usiku wa hofu mtu hushika lolote. Lakini fonti hiyo ina wenyewe na inauzwa, na tovuti inayoigawa bure haikupewa ruhusa ya kuigawa. Hizi ni lebo za bidhaa itakayowekwa dukani. Siku ikija barua ya kudai malipo, itawafikia wakulima, watu waliochanga kidogokidogo ili chupa yao ifanane na za wengine. Usimwombe mwenzako akutumie kutoka kwenye Mac yake pia, kwa sababu leseni ya macOS inaruhusu fonti hizo zitumike humo ndani ya mfumo, haikupi ruhusa ya kuzihamishia Windows.

Sasa, kwa nini lebo zilivurugika? Shida ni upana. Kila fonti imepewa upana wake wa kila herufi: m ya hii si pana sawa na m ya ile. Kwenye neno moja tofauti haionekani. Kwenye "Mafuta ya parachichi", herufi zile zote zikiongezeka chembe moja moja, mwishoni nafasi imekwisha na neno la mwisho halina pa kwenda ila chini. Arial yenyewe, ya mwaka 1982, ilichorwa upana wake ulingane na wa Helvetica, ndiyo maana hizo mbili watu hubadilishana na ukurasa hautikisiki. Ndivyo ilivyo pia kwa fonti za Liberation, zilizotolewa mwaka 2007 na kampuni ya Red Hat zikiwa na upana uleule wa Arial na Times New Roman. Avenir haina makubaliano hayo na Arial. Ungeweka yoyote isiyolingana nayo, matokeo yangekuwa ya namna hiyohiyo.

Kuna na nafasi kati ya mistari. Ikiwa imeachwa ijipange yenyewe, basi inafuata vipimo vilivyomo ndani ya fonti, na ukibadili fonti mistari yote inapanda au kushuka. Kwenye lebo, ambako milimita moja ni mali, iandikeni kwa namba.

Nije kwenye ile ũ, ambayo kusema kweli ndiyo iliyonigusa kuliko yote, kwa sababu ni jina la kwao wenye parachichi. Hili ni tatizo la pili, tofauti kabisa na la kwanza. Fonti yako ya mwandiko ipo, imesakinishwa, hakuna alama ya kiulizo. Kilichokosekana ni herufi ndani yake. Aliyeichora aliweka a mpaka z na alama za lugha chache, ĩ na ũ hakuziweka. Programu ikifika kwenye ũ haiikuti, inaazima kutoka fonti nyingine, na herufi ya kuazima hujulikana tu, kama kifungo cha rangi nyingine kwenye shati. Sisi wa Kiswahili hatuyaoni haya kwa urahisi, maana herufi zetu ni za kawaida na alama yetu ni ile moja ya ng'ombe na ng'ambo. Kwa Gĩkũyũ, ũ na u ni sauti mbili. Ukiondoa kile kimkia umeandika kitu kingine, na ukikiacha kwa herufi ya kuazima umemwandikia mtu jina la kwao kwa viraka.

Nikufundishe njia ya kuikagua ambayo nimeitumia miaka mingi. Kwenye orodha nyingi za fonti hutakuta neno Gĩkũyũ. Tafuta Kivietinamu. Kivietinamu kinatumia ĩ na ũ hizihizi, kwa hiyo fonti iliyotengenezwa kwa ajili yake inakuwa nazo. Kwenye Google Fonts, hifadhi ya fonti za bure ya Google, unaweza kuchuja kwa lugha hiyo. Baada ya kuchuja, bado andika mwenyewe Gĩkũyũ na Mũrang'a, kwa herufi ndogo na kubwa, kwa unene wote mtakaoutumia, ukuze mpaka ijaze kioo, uangalie. Na ile alama ya ng' hakikisha imepinda upande sahihi, kama kimkia cha tisa, maana programu nyingine huigeuza.

Mfanye nini basi? Njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua leseni ya Avenir Next kwa mashine zenu zote mbili. Hapo yeye aache ile ya Mac, wote mshike toleo moja lenye jina moja, la sivyo mtarudi hapahapa. Ya pili ni kuhamia fonti huria. Mimi nasema hamieni, na sisemi kwa ajili ya bei peke yake. Lebo hizi zitaishi kuliko ushirikiano wenu. Mwaka ujao kikundi kitataka lebo ya chupa ya lita moja, kitampa kijana wa hapohapo Murang'a mwenye kompyuta yake, naye atakutana na A na kiulizo kama wewe. Fonti zilizo kwenye Google Fonts Figma inazo tayari kwa kila mtu, kwenye Mac, Windows, hata Chromebook, bila kusakinisha kitu. Nyingi ziko chini ya leseni ya SIL Open Font License, inayoruhusu kuzitumia kwenye bidhaa, kuzinakili na kumpa mwenzako bila kumwogopa mtu. Kwa sura iliyo karibu na Avenir, jaribuni Nunito Sans na Mulish. Zote mbili zina Kivietinamu.

Kuhamia kwenyewe afanye yeye, wala usifanye wewe. Yeye ndiye anayeziona zote mbili kwenye kioo kimoja, ya zamani na mpya, na jicho lililopanga nafasi zile ni lake. Afanye kwenye nakala, aanze na lebo moja, ile yenye maneno mengi kuliko zote. Akiiweza hiyo, nyingine zitafuata. Baada ya hapo wewe utapanga maandishi yako bila kizuizi.

Kwa wasomaji wengine wenye shida ya kufanana na hii, lakini ambao fonti wanayo kihalali na bado haionekani: programu ya Figma ya kompyuta husoma fonti zako yenyewe, kivinjari kinahitaji kile kiprogramu alichokitaja aliyetuandikia. Kwenye Windows, unaposakinisha bofya kulia uchague kusakinisha kwa watumiaji wote wa mashine, kwa sababu ukiibofya mara mbili tu inaweza kuwekwa kwako peke yako na programu nyingine zisiione. Faili liwe la TTF au OTF. Lile la WOFF ni la tovuti. Ukimaliza funga programu kabisa uifungue tena. Waliolipia mpango wa mashirika wanaweza kuipakia fonti mara moja ikawafikia wote, leseni ikiruhusu.

Sasa huyu kaka.

Ulikosea kitu kimoja: ulibadilisha faili la watu wawili bila kuuliza, usiku, ukiwa na usingizi. Likubali hilo bila maelezo marefu. Lakini usilibebe lote. Anayefungua faili la pamoja ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha kila alichoweka mle kinafikiwa na wenzake, na yeye aliweka fonti inayoishi kwenye Mac yake halafu akamkaribisha mtu wa Windows bila neno. Kukusema mbele ya mteja ni kosa lingine, na ni kubwa kuliko fonti. Ila hilo usilianze leo. Mtu mwenye hasira hasikii shauri, na mna tarehe ya kukabidhi.

Usimpigie tena. Tengeneza kwanza ile nakala kutoka kwenye historia, hakikisha lebo zote 12 zimekaa sawa, ndipo umwandikie peke yake, nje ya kundi. Ningekuwa wewe ningeandika hivi:

"Habari kaka. Samahani kwa ile usiku, nilibadilisha fonti bila kukuuliza, nikadhani inabadilika kwangu tu. Kazi yako ipo kamili, nimeitoa kwenye historia ya matoleo, kiungo hiki hapa. Nimegundua Avenir Next inakuja na Mac tu, kwenye Windows haipo, na kikundi kitapata shida hiihii baadaye. Naomba utazame Nunito Sans na Mulish kwenye ile lebo ya 500 ml, zote zina ĩ na ũ. Ukichagua moja, nitamaliza maandishi ndani ya siku mbili."

Halafu mwache asome. Nadhani atajibu, kwa sababu umemrudishia kazi yake na umemletea jambo asilolijua. Akijibu, na lebo zikishakabidhiwa, ndipo umwambie kwa upole kwamba siku nyingine akupigie kabla ya kuandika kwenye kundi. Kwa mteja mwandike pamoja, mistari miwili: hitilafu ilikuwa ya fonti, imerekebishwa, kiungo kipya ni hiki. Na safari hii mteja apewe ruhusa ya kutazama nakala iliyokamilika, asiingizwe kwenye faili mnalolifanyia kazi usiku.

Jambo la mwisho ni la siku ya kupeleka kwa mchapaji. Toeni nakala nyingine ya lebo zilizokwisha kupitishwa, na kwenye nakala hiyo yageuzeni maandishi yote yawe michoro. Hapo hakuna fonti ya kukosekana kwake, lakini hakuna pia atakayeweza kusahihisha neno, kwa hiyo lile faili lenye maandishi halisi lisiguswe. Kabla ya kugeuza, mtumieni mmoja wa wale wazee wa kikundi picha ya kila lebo ya Gĩkũyũ, azisome neno kwa neno, kila ĩ na kila ũ. Wewe na mimi hatuwezi kumsomea.